Kushindwa kuzuia haja kubwa maana yake nini?

Mtu mzima akitokwa na mavi bila kutaka, akibanwa na haja asifike chooni, au upepo ukimponyoka mbele za watu, waganga wa hospitali wanaita hali hiyo kushindwa kuzuia haja kubwa. Ni dalili, si ugonjwa wenyewe, kama homa ilivyo; kwa hiyo dawa inafuata chanzo.

Mkundu una misuli miwili ya mviringo. Wa ndani hujibana wenyewe hata usingizini. Wa nje unaubana kwa kutaka, kama vile uko kwenye taksi inayopanda mtaa wa Kadutu na choo kiko mbali. Wa ndani ukilegea, mavi huvuja bila mwenyewe kujua. Wa nje ukidhoofika, haja inakuja mbio na hakuna muda wa kujizuia.

Hapa Bukavu, jambo hili likimpata mama aliyezaa, watu husema moja kwa moja: fistula. Wapo walio nayo kweli, yaani tundu kati ya puru (mwisho wa utumbo, juu ya mkundu) na uke, na Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana kwa kuishona. Lakini wengi walichanika msuli tu wakati wa kuzaa. Kwao mavi yanapita njia yake. Mlango ndio haufungi, na pengine ulianza kulegea miaka mingi baadaye.

Kosa linaloniuma zaidi ni hili. Mzee amepooza, hatoki kitandani, kikwembe kinachafuka majimaji mara tano kwa siku. Watoto wanamnunulia loperamidi, kidonge cha kuzuia kuhara, wakidhani anahara. Kumbe puru imejaa choo kigumu, maji yanapenya pembeni, na kidonge kinazidi kuziba! Muganga apime kwanza kwa kidole. Ni aibu ya dakika moja.

Choo kikiwa laini kweli, hapo loperamidi inasaidia. Kaa chooni kila siku baada ya chai ya asubuhi, maana tumbo huamka ukila. Bana mkundu kama unayezuia upepo, hesabu mpaka tano, achia, rudia. Matokeo huchukua wiki nyingi. Ngozi ioshwe kwa maji, ikaushwe bila kusuguliwa, ipakwe mafuta mazito. Hayo yasipotosheleza, kuna upasuaji wa kushona msuli.

Ila ganzi ikishika ghafla mapajani na sehemu za siri, haja ikaanza kutoka yenyewe, usingoje kesho: mishipa ya fahamu ya mgongo inaweza kuwa imebanwa.