Dawa ya wadudu gamba haifuati kalenda

Wapenda bustani wa Ohio, Marekani, wamerithishana imani kwamba kila mwaka kuna tarehe maalumu ya kupulizia vichaka vya yuonimasi dawa ya wadudu gamba, yaani wadudu wadogo wanaonyonya utomvu wa mmea na kujifunika gamba. Si kweli. Mdudu hasomi kalenda. Ukuaji wake huenda na joto. Majira ya kuchipua yakiwahi, mayai huanguliwa mapema. Baridi ikikawia kuondoka, nayo hukawia.

Kinachofaa ni kuhesabu joto kuanzia Januari 1. Chukua wastani wa joto la juu na la chini la siku, kisha utoe 50 kwa Farenhaiti. Siku yenye 70 na 50 ina wastani wa 60, hivyo inachangia alama 10. Wastani usipozidi 50, andika sifuri. Jumla ya alama za siku zote ikikaribia 400, mayai huanza kuanguliwa.

Hapo zungushia tawi utepe unaonata pande zote mbili. Ukiona vitoto vidogo mno vya rangi ya machungwa vimenasa, pulizia. Bado ni laini, havijajifunika gamba. Vikishajifunika, dawa nyingi za kupulizia juu hazivifikii, na inauma kuona watu wanavyopoteza dawa na kuua wadudu rafiki bure.