Je, wajua kwa nini kikao cha meneja hakimalizi ugomvi wa zamu mbili?

Tuseme kuna kiwanda kidogo cha mikate pale Ngamiani, Tanga, chenye zamu ya usiku na ya asubuhi. Zikigombana, hutasikia kelele. Dada wa asubuhi anakuja amejifunga kanga iliyoandikwa "Mtasema mchana usiku mtalala". Kesho yake anakuta trei zote hazijaoshwa. Sisi wa Tanga hatutukanani, tunafumbiana.

Meneja anaita kikao. Kila zamu inakaa upande wake. "Kuna tatizo?" "Hakuna." Zinanywewa soda, na wiki inayofuata trei ni zilezile.

Fumbo lina kinga yake: ukilijibu, mwenzio atakuuliza, "Kwani nimekutaja?" Na nani atalifumbua mbele ya mtu anayeandika barua za onyo? Isitoshe, akilegeza mmoja mbele ya wenzake, ataitwa msaliti kabla hajafika getini.

Ndiyo maana huletwa mwezeshaji, mtu asiye na zamu wala kalamu ya onyo. Kwanza huonana na kila upande peke yake. Haulizi nani mkosaji, anauliza mambo yalivyokwenda: unga uliingia saa ngapi, mikate ilitoka saa ngapi, kisha ikawaje? Hapo huenda likajulikana jambo ambalo kanga haisemi: unga unafika saa tisa usiku, mikate inatakiwa mikahawani kabla ya alfajiri, muda wa kuosha haupo. Zamu ya asubuhi ilidhani inadharauliwa.

Wakikutanishwa, sharti ni moja: hujibu mpaka urudie alichosema mwenzio, naye akubali, "Ndiyo, hivyo hivyo." Linachosha, na mara ya kwanza watu hucheka. Lakini mtu akisikia uchungu wake ukitoka kinywani mwa mshindani wake, sauti hushuka.

Mwezeshaji hatoi hukumu. Hata msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, halazimishi mapatano. Anazo siku 30 za kuwasaidia wahusika wapatane. Ugomvi wa trei haufiki huko, ila mtu akiachishwa kazi kwa sababu yake, unafika.

Na zile soda? Mwaka 1954, huko Oklahoma, Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwagawa wavulana 22 wa kambi moja makundi mawili, yakashindanishwa hadi yakachukiana. Kuwalisha pamoja hakukusaidia, walirushiana chakula. Uadui ulipungua maji ya kambi yalipokatika na lori lilipokwama, kazi ambazo kundi moja lisingeziweza peke yake.

Kwa hiyo mwezeshaji wetu wa Ngamiani, mambo yakishawekwa wazi, hawaambii wapeane mikono. Anawauliza wote: huyu mleta unga, tumwendee lini, na nani atatusemea?