Namba ya oksijeni kidoleni: inapatikanaje, na hukosea wapi

Washa tochi ya simu ukiwa gizani, kisha iwekee ncha ya kidole juu yake. Kidole chote kitang'aa rangi nyekundu, ingawa mwanga wa tochi ni mweupe, kwa kuwa damu na nyama humeza sehemu kubwa ya rangi nyingine na kuiachia nyekundu ipite. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni mithili ya kibanio cha nguo, ambacho watu wengi walikifahamu wakati wa UVIKO-19 na ambacho wahudumu wa afya hukiita oksimita, hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo ya fizikia.

Ndani yake mna taa mbili: moja ya mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi, na nyingine ya infraredi, usioonekana kwa macho, wa nanomita 940 hivi. Himoglobini, ile protini ya damu inayosafirisha oksijeni, ikiwa imeibeba huupitisha mwanga mwekundu kwa wingi na kumeza zaidi ule wa infraredi, na isiyobeba hufanya kinyume chake. Tatizo ni kwamba mwanga huo hupita pia katika ngozi, mfupa na mishipa ya vena, ile inayorudisha damu kwenye moyo, ambayo hatuna haja nayo katika kipimo hiki. Mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, ndiye aliyelitatua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akijaribu kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, kwa kuchoma rangi mshipani na kufuatilia mwanga unaopita sikioni, lakini kila pigo la moyo likawa linamvurugia mchoro. Katika kutafuta namna ya kuyaondoa mawimbi hayo alitambua kwamba kinachobadilika pigo kwa pigo ni damu ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo, hivyo ukichukua kinachobadilika na kuacha kilichotulia, umeitenga ateri bila kuchoma sindano. Aliiwasilisha kazi hiyo mwaka 1974, na kile kilichokuwa kero kikawa ndicho kipimo chenyewe.

Hata hivyo kifaa hicho hakiioni oksijeni. Hupata uwiano wa mianga miwili, kisha huutafuta uwiano huo katika jedwali lililowekwa ndani yake kiwandani. Jedwali huandaliwa kwa kuwavutisha watu wazima wenye afya njema hewa yenye oksijeni pungufu, huku wakitolewa damu ya ateri ili kulinganisha, mpaka kiwango chao, yaani sehemu ya himoglobini iliyobeba oksijeni, kifike asilimia 70 hivi. Kuwashusha zaidi ya hapo ni kuwahatarisha. Kwa hiyo namba yoyote iliyo chini ya 70 ni makisio matupu, na zile za juu zinategemea waliojitolea walikuwa ni akina nani. Mwongozo wa mwaka 2013 wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, uliridhika na watu 10, ambao angalau 2 kati yao wawe na ngozi nyeusi.

Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, humeza mwanga mwekundu kuliko infraredi. Kinadharia haipaswi kudhuru kipimo, kwa sababu haibadiliki pigo kwa pigo. Kiutendaji hudhuru, na jambo hili si geni: ripoti za madaktari zilikwishalionyesha tangu mwaka 1990. Lilipata uzito Desemba 2020, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipolinganisha maelfu ya vipimo vya kidoleni na vya damu ya ateri vilivyochukuliwa karibu wakati mmoja. Kati ya vipimo ambavyo kioo cha oksimita kilionyesha asilimia 92 hadi 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vile vya wagonjwa weusi, na katika asilimia 3.6 tu ya vile vya wagonjwa weupe. Kosa lenyewe huelekea upande mbaya, yaani humwonyesha mgonjwa kuwa na nafuu asiyokuwa nayo. Januari 2025 FDA ilitoa rasimu ya mwongozo mpya inayotaka watu wengi zaidi wapimwe, wa rangi mbalimbali za ngozi.

Binadamu naye huongeza lake. Wanasaikolojia wamechunguza kwa muda mrefu tabia ya kuiamini mashine kuliko macho yetu, na namba iliyoandikwa kwa tarakimu za kung'aa ina nguvu ya pekee ya kumtuliza mtu. Mtoto anapumua haraka, kifua kinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, lakini kioo kinasema 95 na mzazi anarudishwa nyumbani. Kifua kinachobonyea ni ushahidi kamili kwa peke yake. Kwa mtu mweusi, ukosefu wa oksijeni utafutwe kwenye ulimi na fizi, kwa kuwa midomo na kucha huficha mengi.

Anayejipima nyumbani akae ametulia dakika chache, apashe mikono joto kama ni ya baridi, na atumie kidole kisicho na rangi ya kucha wala piko, kwa sababu vyote viwili huzuia mwanga. Asome baada ya namba kutulia, si ile ya kwanza kutokea. Mwelekeo una maana kuliko namba moja: aliyekuwa na 98 asubuhi akafika 93 jioni amwone daktari, hata kama anajiona mzima. Mwenye upungufu wa damu naye asidanganyike na 99, kwani asilimia hiyo ni ya himoglobini aliyo nayo, hata ikiwa ni nusu ya inayotakiwa.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya jiko la mkaa lililoachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa. Gesi ya kaboni monoksaidi hung'ang'ania himoglobini mahali pa oksijeni, na kwa mianga ile miwili kifaa hakiwezi kuzitofautisha. Aliyeokotwa humo akiwa na kichwa kinachouma, kichefuchefu au usingizi mzito anaweza kusomeka asilimia 98 huku akikata roho. Atolewe nje haraka na kupelekwa hospitali apewe oksijeni, na oksimita isitumike kuamua.