Kwaresima si siku 40 za kushinda njaa

Mitaani Moshi bado wengi huamini kuwa wakati wa Kwaresima, kipindi cha toba kabla ya Pasaka, Mkatoliki hufunga kutwa, siku 40 mfululizo. Sivyo. Toka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46. Ondoa Jumapili 6, ambazo hazifungwi kamwe, zinabaki 40 za toba, sala na sadaka.

Mfungo wa lazima ni siku 2 tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59: mlo mmoja wa kushiba, na mingine miwili midogo ambayo hata ikijumlishwa haifikii ule mmoja. Mgonjwa na mjamzito wasijilazimishe. Mwenye kisukari akiruka mlo huku ametumia dawa, sukari inaweza kushuka hata akazimia, na Kanisa halijamtaka afanye hivyo.

Kuacha nyama ni sharti jingine: Jumatano ya Majivu na kila Ijumaa, kuanzia miaka 14. Samaki, mayai na maziwa ruksa. Kwa hiyo mtori wenye nyama usubiri. Kiburu cha ndizi na maharage kinafaa kabisa. Ila ukibadili mchemsho wa mbuzi kwa sato mkubwa wa bei ghali, umetii sharti lakini hujajinyima. Pika dagaa, na ile fedha ya nyama mpelekee jirani mwenye shida.