Mbwa mkali wa jirani: anza na mlango wa lupango

Kesi za kung'atwa zinazonifikia hapa Lubumbashi zina saa zake: kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Usiku kucha mbwa alikuwa huru ndani ya lupango, yaani uwanja wa nyumba wenye ukuta. Kunapokucha mlango mkubwa unafunguliwa gari litoke, watoto wanakwenda shule, sentineli (mlinzi) anakusanya vitu vyake arudi kwake, na hakuna aliyekumbuka kumfunga mbwa. Nje anapita mwenye baiskeli ya makala (mkaa), muuza mikate, mtoto mwenye bidoni (dumu) ya maji. Ndiyo maana mtu akiniomba dawa ya mbwa wa jirani, mimi kama daktari wa wanyama namuuliza kwanza: anatokea wapi, saa ngapi, na nani alipaswa kuufunga mlango?

Mbwa anayefukuza watu barabarani yuko shuleni kila siku. Anabweka, anamkimbiza mwenye baiskeli, mwenye baiskeli anakwenda zake. Kwa akili ya mbwa, ni yeye aliyemwondoa. Baada ya wiki chache mpaka wake unavuka ukuta, unafika kwenye mtaro, kisha ng'ambo ya avenyu, kisha mlangoni kwako. Ongeza mnyororo wa mita moja kutwa nzima juani, na watoto wanaomrushia mawe kupitia tundu la ukuta, uone kitakachotoka. Wapo pia wanaomlisha pilipili ili awe mkali. Pilipili inamuumiza tumbo tu, na mbwa mwenye maumivu anamng'ata yeyote anayemgusa, mwizi au mwenye nyumba.

Jike mwenye watoto ana sababu zake, mwache. Jike aliye kwenye joto ni hatari ya aina nyingine: joto huja karibu mara mbili kwa mwaka, hudumu wiki mbili hadi tatu, na madume wa kartie (mtaa) nzima hukusanyika mlangoni. Wakipigana, anayeingiza mkono kuwaachanisha ndiye anayeng'atwa. Wamwagie ndoo ya maji ukiwa mbali. Kuhasi dume kunapunguza sana kuzurura kutafuta majike, lakini ukali wa kulinda mlango unaweza kubaki vilevile, kwa hiyo usimwahidi jirani kwamba operesheni itamaliza yote.

Turudi kwenye mlango. Pima pengo la chini wakati wa mvua, kwa sababu kipimo cha kiangazi kinadanganya: maji yanakokota udongo mwekundu chini ya bati, na pengo ambalo Septemba lilikuwa la paka linakuwa la mbwa ifikapo Februari. Kichwa kikipita, mwili unafuata. Kujaza udongo ni kazi bure, maana ule mpya ni laini kuliko uliotoka na mbwa anauchimba kwa dakika chache. Mwaga kizingiti cha beto (zege) chenye upana wa sentimita 20 na kina cha 30, urefu wa mlango wote. Kwa mlango wa mita 3, mchanganyiko wa simenti 1, mchanga 2, kokoto 3, mfuko mmoja na nusu wa kilo 50 unatosha. Umwagilie maji kila siku kwa wiki moja kabla gari halijapita juu yake.

Tundu la kutolea maji ya mvua ukutani ndilo watu wanalolisahau. Weka vyuma vya beto vya milimita 8, vikisimama wima, nafasi ya sentimita 5 kati yao. Ukivibana zaidi takataka zinaziba, maji yanajaa, na ukuta wenyewe unaanguka. Kuhusu urefu wa ukuta, mita 1.8 inamzuia mbwa wa kawaida, mradi hakuna rundo la matofali, pipa au gari bovu lililoegemezwa upande wa ndani. Hicho ndicho kipandio chake. Kama mlango ni wa nondo zinazoonyesha barabara, ufunike kwa bati hadi mita 1.5. Kuona watu wakipita kutwa nzima ndiko kunakomchemsha.

Mlango mdogo wa miguu ujifunge wenyewe. Kamba ya chuma, kapi moja, na bidoni ya lita 5 iliyojazwa mchanga inayoning'inia upande wa ndani: mtu akiuachia, uzito unaurudisha. Ni rahisi kuliko kumkumbusha kila mpangaji.

Mchana mbwa akae kwenye kibanda cha wavu, angalau mita 2 kwa 3, chenye kivuli, mahali asipoona barabara. Wasio na uwezo wa kibanda wafunge waya wa chuma kati ya nguzo mbili zilizoachana mita 8 hadi 10, kwa urefu wa mita 2, na mnyororo unaoteleza juu yake. Mnyororo uwe wa mita 2 na nusu hivi ili aweze kulala chini, wenye pete inayozunguka, la sivyo unajisokota na kumnyonga. Funga kizuizi kwenye waya, mita mbili na nusu kabla ya kila nguzo, asijizungushie. Na pale anapofika mwisho kabisa, awe bado mbali na njia ya wageni kwa mita 2. Maji: mbwa wa kilo 25 anahitaji lita moja na nusu kwa siku, na Oktoba zaidi.

Haya yote ni ya lupango la mwenzako, kwa hiyo inabidi uongee naye. Usiende wakati damu imechemka, na usigonge mlango ambao mbwa yuko nyuma yake. Piga simu, au nenda jioni na mzee mmoja wa avenyu. Maneno ya kusema ni mafupi: "Papa, samahani kuwasumbua. Mbwa wenu mweusi alitoka jana saa kumi na mbili na nusu, akamrarulia mtoto wetu suruali hapo kwenye mtaro. Tumeona anapitia chini ya mlango, upande wa kushoto. Tunaomba tukatazame pamoja." Mtu anayeambiwa "mbwa wenu ni muuaji" atamtetea mbwa wake, anayeonyeshwa shimo hana la kulitetea.

Shida kubwa ni malupango yenye wapangaji wanne na bayeri (mwenye nyumba) anayeishi kartie nyingine. Kila mmoja anasema mbwa si wake, alimkuta hapo. Angalia nani anamlisha bukari (ugali), nani akimwita anakuja, nani alinunua mnyororo. Hilo lina uzito mbele ya sheria: kifungu cha 261 cha Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia ya Kongo kinamtaja mwenye mnyama au anayemtumia, na anawajibika kwa hasara hata kama mnyama alipotea au alitoroka. "Alikata kamba" haimwokoi mtu.

Wakati mlango haujatengenezwa, utakutana na mbwa njiani. Usikimbie. Simama ukimgeuzia ubavu, mikono chini, usimkazie macho, kisha rudi nyuma polepole ukiacha kitu katikati yenu: kikapu, kiti, baiskeli yenyewe. Mwenye baiskeli ashuke, maana miguu inayozunguka ndiyo inayomvuta. Mkia unaotikisika haumaanishi urafiki. Ukiwa umesimama juu, mgumu, unatikisika kidogo kwa kasi, na mdomo umefungwa, huyo yuko tayari. Kuinama kama unaokota jiwe kunawafukuza mbwa waoga wa sokoni, lakini mbwa aliye mlangoni kwake anaweza kuona ndiyo nafasi ya kurukia uso. Ukianguka, jikunje, ziba shingo na masikio kwa mikono, nyamaza. Watoto wafundishwe hili kwa kucheza, nyumbani, hadi mwili ulizoee.

Akishang'ata, sahau jirani kwa robo saa. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili ukitazama saa. Sabuni ya kufulia inafaa. Mimina kwa jagi kama bomba halina maji, hadi ndani ya tundu za meno, hata kama inauma. Kisha paka dawa yenye iodini. Usiweke mafuta, kahawa, majivu wala jiwe jeusi. Vinafunika uchafu na kupoteza muda. Kidonda kisishonwe haraka: kikilazimika kushonwa, iwe baada ya kuchomwa seramu (kingamwili za tayari dhidi ya kichaa cha mbwa), na nyuzi zilegee.

Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama jirani anaapa mbwa amechanjwa. Kichaa cha mbwa kipo Kongo, na dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Zinaweza kuchelewa, mara nyingi ni miezi 2 au 3, na ndiyo sababu watu hudhani wamesalimika. Chanjo ya mkononi hutolewa siku ya 0, ya 3, ya 7, na ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Mpango mwingine hutumia dozi ndogo chini ya ngozi ya juu, sehemu mbili, siku ya 0, 3 na 7. Kama ngozi imetoboka au mate yamegusa mdomo au macho, na hujawahi kuchanjwa, unahitaji pia seramu, ikichomwa ndani na kandokando ya kidonda: uniti 20 kwa kilo kama ni ya binadamu, 40 kama ni ya farasi. Seramu ni adimu na ghali. Ikikosekana, anza chanjo bila kuingoja; bado inaweza kuongezwa ndani ya siku 7 tangu dozi ya kwanza. Uliza pia kuhusu pepopunda.

Sasa mbwa. Hapa ndipo hasira ya kartie inapoharibu mambo: vijana wanakusanyika na fimbo, mbwa anauawa, mwili unatupwa, na aliyeng'atwa amepoteza shahidi wake. Mbwa anayetoa virusi kwenye mate atakufa au ataonyesha ugonjwa ndani ya siku 10. Afungwe mahali salama, alishwe, na daktari wa wanyama amwone siku ya kwanza na ya kumi. Akiwa mzima siku ya kumi, hakukuwa na kichaa kwenye mate siku ile, na daktari wa hospitali anaweza kusimamisha chanjo zilizobaki. Akifa kabla, kichwa kinapimwa. Lakini aliyepondwa kichwani ubongo wake haufai kitu.

Katika siku hizo tazama mabadiliko: mpole anakuwa mkali au mkali anajificha, anang'ata vijiti na mawe, sauti inakwaruza, mate yanachuruzika, anapepesuka. Kuna sura moja inayowadanganya wengi: taya la chini limelegea, ulimi nje, mbwa hawezi kumeza. Wenye nyumba wanasema amekwamwa na mfupa, wanaingiza mkono kooni kuutoa. Usiingize mkono. Huo unaweza kuwa ni kichaa cha kupooza, na mate hayo ndiyo hatari yenyewe.

Sumu kwenye nyama, ile ya panya au ya kunyunyizia mimea, nimeona watu wanaiita suluhisho. Inaokotwa na kuku, na mbwa wa mwingine, na mtoto. Kumuua kwa ubaya mnyama wa mtu bila ulazima ni kosa la jinai, kwa hiyo mlalamikaji anageuka mshtakiwa. Na lupango lisilo na mbwa litaleta mwingine mdogo kabla ya kiangazi, asiyechanjwa, apitie shimo lilelile.

Omba kuona karne ya chanjo, yaani kijitabu cha chanjo za mbwa. Soma tarehe, kibandiko cha chupa, muhuri. Dozi ya kwanza hutolewa akiwa na miezi 3, inarudiwa baada ya mwaka, na kinga inahesabiwa karibu wiki 3 hadi 4 baada ya sindano. Chanjo ya jana haimlindi aliyeng'atwa leo. Chupa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo mchanje kwa mtu ambaye friji yake haitegemei umeme wa mtaa peke yake. Ukikosa wa kumwita, ulizia kwenye kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Jirani akikataa, andika. Daftari moja: tarehe, saa, mahali, aliyeshambuliwa, aliyeona. Piga picha ya pengo na ya kidonda, weka fakture (hati za malipo) zote na sertifika ya daktari. Peleka kwa shefu wa kartie kwanza. Kukiwa na jeraha, polisi wanaandika prose-verbali, yaani maandishi rasmi ya tukio: vifungu vya 52 hadi 54 vya sheria ya jinai vinahusu madhara yanayotokana na kutochukua tahadhari, na jeraha tu ni kifungo cha siku 8 hadi mwaka mmoja, jambo la korti ya amani, ambako unaweza kuomba na fidia ya matibabu.

Nyingi huishia kwa shefu, na karatasi ya makubaliano inaandikwa mezani. Isomeke hivi: mlango utatengenezwa na nani, kabla ya tarehe gani, mbwa atafungwa kuanzia saa ngapi asubuhi, na nani anayemfunga siku sentineli asipokuja, chanjo kabla ya tarehe gani, pesa za hospitali zitalipwa lini, kwa mafungu mangapi. Bayeri atie sahihi mwenyewe. Sahihi ya mpangaji peke yake huhama naye.