Je, wajua ni nani huamua Bunge la Uingereza lijadili nini?

Zamani ungeniuliza, ningejibu bila kusita: Spika. Si ndiye anayekalia kile kiti kirefu na kukemea makelele? Nilikosea, ingawa kosa lenyewe linaeleweka. Spika huamua nani aseme na marekebisho gani ya hoja yapigiwe kura, na anaweza hata kuruhusu swali la dharura likamvuta waziri ukumbini ghafla. Ratiba, hata hivyo, si yake. Kanuni ya Kudumu namba 14 inasema shughuli za serikali zitangulie katika kila kikao, isipokuwa pale kanuni zenyewe zinapoacha mwanya. Mianya hiyo inahesabika: siku 20 za upinzani, Ijumaa 13 za miswada binafsi ya wabunge, na siku 35 za wabunge wa viti vya nyuma, yaani wasio mawaziri wala wasemaji wa vyama.

Hizo 35 zikanipotosha mara ya pili. Tangu 2010 kuna kamati ya wabunge wa viti vya nyuma inayogawa muda huo, nikadhani basi, kumbe wapangaji ni hao. Ni nusu ya ukweli.

Chukulia ukumbi wa sherehe. Kamati ya maandalizi inajua nani atahutubia, nani atafuata na kwa dakika ngapi. Funguo, lakini, anazo mwenye ukumbi, na yeye ndiye anayesema, "Nitawapa Alhamisi." Ukitaka Jumanne, utabembeleza. Ndivyo ilivyo bungeni: mbunge hufika mbele ya kamati hadharani, hutetea mada yake, iwe mashimo ya barabarani au uhaba wa madaktari wa meno, na huonyesha majina ya wenzake wa vyama mbalimbali wanaomuunga mkono. Akikubaliwa, anasubiri serikali itoe siku. Mara nyingi huwa Alhamisi, wakati wengi wameshabeba mabegi kurudi majimboni.

Oktoba 2011 mwenye funguo alionekana waziwazi. Kamati ilikuwa imepanga mjadala wa kura ya maoni kuhusu uanachama wa Umoja wa Ulaya ufanyike Alhamisi tarehe 27. Serikali ikauwahisha hadi Jumatatu tarehe 24, ili Waziri Mkuu David Cameron awepo. Wabunge 81 wa chama chake cha Conservative walimkaidi, lakini hoja ikaanguka kwa kura 483 dhidi ya 111. Kura ya maoni ilikuja kufanyika Juni 2016. Kusema ule mjadala ndio ulioizaa ni kupiga ramli. Mengi yalitokea katikati.

Tangu 2018 kamati hiyohiyo hupokea pia maombi ya siku tatu za makadirio ya matumizi ya serikali, na hapa ndipo penye kioja ninachokipenda. Mbunge anaruhusiwa kupendekeza fungu lipunguzwe. Kuliongeza hawezi, kwa kuwa ombi la fedha zaidi lazima litoke serikalini. Basi anayelia kwamba wizara fulani haina fedha za kutosha atazungumza kwa uchungu mchana kutwa, kisha, muda ukiisha, ataitikia "ndiyo" kwa kiasi kilekile alichokuwa akikilalamikia. Mafungu ya wizara ambazo hazikujadiliwa kabisa, mabilioni ya pauni, hupitishwa kwa mkupuo mmoja.