Mzee haitikii shikamoo? Subiri kwanza, ametoka vitani

Kuna mzee wetu mmoja hapa Ngamiani, jina simtaji, watoto wa mtaa wanamuita mzee mkali mana ukimpa shikamoo kwa nyuma anakupita kama hajakuona. Na hapa Tanga jamani mtu asiyeitikia salamu anasemwa mpaka barazani. Mi kazi yangu ni kupima masikio, mwaka wa kumi na kitu huu, na siku mkewe alipomkokota mpaka kliniki niliona aibu kwelikweli, kwa sababu hata mimi niliwahi kumsema.

Vita ya Kagera inaanza alikuwa na miaka 22. Majeshi ya Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu akatangaza kwamba tutampiga, na mzee wangu huyu akaenda na mizinga, Mutukula, Masaka, Lukaya, hadi Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979. Karudi mzima, mikono yote miguu yote, kovu la kuonyesha hana. Nyumbani wakasoma dua, wakala wali, basi. Nilipomuuliza masikio mlikuwa mnayakinga na nini akanionyesha, vidole viwili masikioni na mdomo wazi, "ukiwahi, mwanangu."

Sasa ngoja nieleze. Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejikunja kama konokono, tunakiita koklea, na humo kuna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kila sikio, hizo ndo zinaigeuza sauti iweze kwenda kwenye ubongo. Maongezi ya kawaida ni kama desibeli 60, desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti. Mzinga ukilia jirani yako unapita 140 na unakuja kwa pigo moja, sikio halipati hata nafasi ya kujihami. Seli zile zikifa ndo zimekufa, ngozi inafunga, mfupa unaunga, hizi hazioti tena maisha. Na ubaya wake masikio yanaziba siku hiyo, kesho yanafunguka kidogo, askari anaona nimepona anarudi kwenye mzinga. Hajalazwa, hajafungwa bandeji, kwa hiyo hata yeye mwenyewe hajihesabu majeruhi.

Watu wananiuliza, mbona adhana anaisikia? Mbona ukimtukana anasikia? Hapo ndo wengi wanapokosea. Kelele za vita zinaanza kula sauti nyembamba, zile za juu, nzito zinabaki. Kwa hiyo a, o, u anazipata vizuri, ila s, f, sh, ch, t zinapotea. Anajua umesema kitu, hajui umesema nini. Na sauti za watoto na wanawake ndo nyembamba zaidi, yani wajukuu na mke, watu wake wa karibu kabisa, ndo wa kwanza kupotea.

Nilimvalisha hedifoni nikamwambia ukisikia mlio hata mdogo, bonyeza. Sauti nzito anabonyeza bila shida. Nikapanda mpaka hezi 4,000, yani mlio mwembamba wa juu, kimya. Nikaongeza sauti, kimya. Nikaongeza tena mpaka mlio ukawa unavuja nje ya hedifoni, mkewe kakaa pale kwenye kiti anausikia, ananiangalia mimi, anamuangalia mumewe ambaye kidole kipo juu ya kitufe na hakishuki, akaanza kulia. "Miaka yote nadhani kaninunia."

Uzee nao una sehemu yake, siwezi kudanganya, umri unakula sauti zilezile. Lakini huyu shida yake haikuanza uzeeni. Nilipomuuliza kama ana mlio masikioni alishangaa, "kwani we huna?" Tangu 1979 ana nyenje kichwani mchana na usiku, hawajawahi kunyamaza, ndo mana analala na redio imewashwa, na kwa hiyo redio amegombana na mkewe mpaka leo. Hakumwambia mtu. Wenzake wengine wamezikwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hiyo, sasa yeye aliyerudi atalalamika nini, kwamba ana nyenje?

Mashine za kusikia zinasaidia ila bei yake wengi hawaiwezi, na yeye bado hajapata. Tulichofanya kwanza ni kuhamisha kiti chake, mgongo ukutani, uso mlangoni, aone midomo ya watu. Baiskeli nikamuomba aiache kwenye barabara kubwa mana honi ya bodaboda ikitoka nyuma haipati. Na nikawakataza kumpigia kelele, sikio lililoumia sauti ndogo halisikii lakini kubwa linaumia haraka, ongea taratibu, kwa sauti nzito nzito, mbele yake.

Ijumaa nilipita pale. Kajukuu kake ka miaka minne kakamsogelea, kakamgusa goti, kakasubiri kwanza ageuke, ndo kakasema shikamoo babu.